JIFYA MOJA HALIINJIKI CHUNGU: Maisha ya Brian Clough, Mfungaji Aliyegeuka Meneja

Wahenga walinena, na sisi ni nani hata tuwapinge, kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Tunaichomeka katika insha, mwalimu anatia alama ya vyema, mambo yanaishia hapo. Mimi binafsi sikuwahi kuitafakari hadi muhula wa pili, nilipoumia goti uwanjani nikakaa wiki tatu nikiwatazama wenzangu wakisakata kabumbu huku mimi nimeegemea mti. Jioni nyingine nilishindwa hata kutazama, nikajificha maktabani. Huko ndiko nilikokutana na habari za Mwingereza mmoja aliyeumia goti kama mimi, ila lake halikupona. Jina lake Brian Clough.

Najua wapo watakaoguna. "Clough ndiye nani? Tuandikie habari za Ferguson! Tuandikie habari za Wenger!" Ngojeni kwanza. Nyinyi mashabiki wa Arsenal mnaotunyima usingizi bwenini kwa hadithi za mechi 49 za ligi bila kushindwa, je, mnajua mlivunja rekodi ya nani mwaka wa 2004? Mlivunja rekodi ya Nottingham Forest, timu ya Clough, iliyocheza mechi 42 za ligi bila kufungwa kuanzia mwishoni mwa 1977 hadi mwishoni mwa 1978. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya robo karne. Basi tulieni nisimulie.

MENEJA NI NANI?

Kabla hatujafika mbali tufafanue neno moja, maana hiki ni chama cha Kiswahili wala si chama cha kandanda. Hapa kwetu tukisema kocha, tunamaanisha mtu anayefundisha timu. Meneja wa timu ni yule anayeshughulikia basi, jezi na chakula cha wachezaji. Ndugu zetu wa Tanzania aghalabu humwita kocha "mwalimu", na mimi nalipenda sana neno hilo. Lakini katika vilabu vya Uingereza vya enzi ninayoizungumzia, meneja alikuwa hayo yote kwa pamoja, na zaidi. Yeye ndiye aliyechagua kikosi, aliyenunua na kuuza wachezaji, aliyepanga mazoezi, na aliyelaumiwa mambo yalipoharibika. Juu yake walikuwapo mwenyekiti na wakurugenzi wa klabu tu. Kwa hivyo nisemapo meneja katika makala haya, msomaji aelewe hivyo.

KIJANA WA MIDDLESBROUGH

Clough alizaliwa tarehe 21 Machi 1935 mjini Middlesbrough, mji wa viwanda ulioko kaskazini mashariki mwa Uingereza. Kwao walikuwa watoto wengi. Alipofika umri wa miaka 11 alianguka mtihani uliokuwa ukiwachuja watoto wa huko kabla ya kuingia sekondari, na akiwa na miaka 15 akaacha shule bila cheti chochote. (Nawaomba watahiniwa wenzangu wasiufanye mstari huu kuwa kisingizio!) Alifanya kazi katika kiwanda cha kemikali, akajiunga na klabu ya mji wake, na pia akatumikia jeshi la anga kama ilivyowalazimu vijana wa wakati ule.

Mwanzoni hakuna aliyemtilia maanani. Walikuwapo washambuliaji wengine waliotangulizwa mbele yake, naye akawa wa kusubiri. Mwaka wa 1955 akaja pale mlinda lango aitwaye Peter Taylor, mzaliwa wa Nottingham, aliyemzidi Clough kwa karibu miaka saba. Taylor mwenyewe hakuwa kipa wa kutisha. Lakini Mungu alikuwa amemjalia kipawa kingine: jicho. Alimtazama yule kijana akipiga mpira mazoezini, akajua papo hapo kwamba huyu ni mfungaji. Akamwambia mwenyewe, akawaambia na wengine. Kuanzia hapo wakawa chanda na pete. Baada ya mazoezi walikaa pamoja kwa saa nyingi wakizungumza mpira, mpira, mpira.

Taylor hakukosea. Clough aliichezea Middlesbrough mechi 213 za ligi akafunga mabao 197. Mwaka wa 1961 akahamia Sunderland kwa pauni 55,000, na huko akacheza mechi 61 za ligi akatia wavuni mabao 54. Ukijumlisha unapata mabao 251 katika mechi 274. Hebu chukua kalamu ugawe. Ni karibu bao moja kila alipovaa jezi! Hata hivyo, timu ya taifa ya Uingereza ilimwita mara mbili tu, mwaka wa 1959, na hakufunga. Mabao yake mengi aliyafunga katika Daraja la Pili, na wakubwa hawakuyapa uzito.

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, jamani. Kijana alikuwa hodari, lakini mdomo wake ulikuwa hauna breki. Alipofanywa nahodha wa Middlesbrough, aliwakaripia wenzake hadi baadhi yao wakatia sahihi barua ya kutaka avuliwe unahodha. Mabao yalikuwa yake, lakini marafiki walikuwa haba. Taylor alikuwa mmoja wa hao haba.

SIKU GOTI LILIPOVUNJA NDOTO

Tarehe 26 Desemba 1962, siku ya pili ya Krismasi, Sunderland ilikuwa ikicheza na Bury katika uwanja wake wa nyumbani. Baridi ilikuwa kali na ardhi imekuwa ngumu kwa barafu. Mpira ukapigwa mbele, Clough akaukimbilia, kipa wa Bury naye akatoka langoni. Wakagongana. Clough akajaribu kuinuka, akashindwa. Kano za goti lake la kulia zilikuwa zimekatika. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Wakati ule matabibu hawakuwa na ujuzi wa leo wa kuunganisha kano za goti. Karibu miaka miwili alihangaika akipanda na kushuka ngazi za uwanja mtupu ili goti lipate nguvu. Mwaka wa 1964 akarudi, akacheza mechi tatu, akafunga bao moja, na yakawa ndiyo mazishi. Mabao 251, basi. Hakuna la 252.

Nilipofika hapo katika kusoma niliweka kitabu chini. Mimi nilikuwa nimekasirishwa na wiki tatu! Yeye aliambiwa kwamba kazi pekee aliyoijua duniani imekwisha. Yasemekana alikuwa mkali na mwenye huzuni siku hizo, na akaanza kuipenda chupa, jambo litakalomrudia baadaye. Lakini klabu yake ikampa vijana wake awafundishe, na hapo akagundua jambo ambalo halikuwa limempitikia akilini: kumbe kile alichokijua kwa miguu angeweza kukipitisha kwa maneno. Mlango mmoja ulifungwa, dirisha likabaki wazi.

NDOO, SIFONGO NA LESENI YA BASI

Oktoba 1965, akiwa na miaka 30 tu, Clough aliajiriwa kuwa meneja wa Hartlepools United. Msidanganywe na cheo. Hartlepools ilikuwa imezoea kuburura mkia katika Daraja la Nne, daraja la chini kabisa la ligi. Fedha hazikuwapo. Clough akafanya jambo la kwanza la busara katika maisha yake ya umeneja: akamtafuta Taylor.

Taylor wakati huo alikuwa meneja wa klabu ndogo ya Burton Albion, na hali yake haikuwa mbaya. Akaiacha kazi hiyo, akaja kwa mshahara mdogo zaidi, tena kwa cheo cha mkufunzi, yaani mtu wa kukimbia uwanjani na ndoo na sifongo mchezaji anapoumia. Naye meneja mwenyewe akachukua leseni ya kuendesha basi ili, ikibidi, aipeleke timu ugenini. Wakazunguka katika vilabu vya vileo wakiomba michango. Katika msimu wao kamili wa pale, 1966 na 1967, Hartlepools ikamaliza ya nane.

Hapa ndipo mgawanyo wao wa kazi ulipojengeka, na naomba msomaji aushike vizuri. Taylor alikuwa jicho, Clough alikuwa ulimi. Taylor alizunguka huku na huku akitafuta wachezaji ambao wengine hawakuwaona, au waliowaona wakawadharau. Akishasema "huyu", Clough alimnunua, akamtia moyo, akamkaripia, akamgeuza. Tena walichekeshana. Taylor alijua kumchekesha mwenzake alipovimba kwa hasira, na alijua kumwambia wazi alipokuwa anakosea. Wangapi kati yetu wana mtu wa namna hiyo?

Mfano wa kwanza wa jicho hilo ni kijana mwembamba, John McGovern, waliyemchezesha Hartlepools akiwa na umri wa miaka 16. Hakuwa na mbio, na mtindo wake wa kukimbia uliwachekesha watu. Mkumbukeni. Atarudi.

DERBY: KUTOKA CHINI HADI KILELENI

Mwaka wa 1967 wawili hao wakahamia Derby County, klabu ya Daraja la Pili. Msimu wa kwanza mambo yalikuwa mabaya, wakamaliza wa 18. Wengine wangefukuzwa. Lakini mwaka wa 1968 walimchukua Dave Mackay kutoka Tottenham. Mackay alikuwa na miaka 33, na wengi walidhani anakwenda kustaafu. Badala ya kumkimbiza uwanja mzima, walimrudisha nyuma katika ulinzi, asimame pale, atazame, awaelekeze chipukizi. Mzee akawa mwalimu uwanjani. Mwaka wa 1969 Derby ikatwaa ubingwa wa Daraja la Pili, na Mackay akawa mmoja wa wachezaji wawili waliogawana tuzo ya mchezaji bora wa mwaka.

Miaka mitatu baadaye, 1972, Derby ikawa bingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza katika historia yake. Na walivyoupata ubingwa huo ni kichekesho. Derby ilikuwa imemaliza mechi zake zote. Leeds na Liverpool walikuwa wamebakisha mechi moja moja, na yeyote kati yao angeweza kuwapita. Taylor alikuwa amewapeleka wachezaji kupumzika katika kisiwa cha Majorca, huko Uhispania, naye Clough alikuwa likizoni na jamaa zake. Leeds wakashindwa, Liverpool wakatoka sare. Mabingwa wakapata habari wakiwa mapumzikoni! Tofauti ilikuwa pointi moja.

Mwaka uliofuata walifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya, wakatolewa na Juventus ya Italia. Lakini mdomo wa Clough ulikuwa haujapata breki. Alikuwa akizungumza katika televisheni na kuandika magazetini, akiwasema viongozi wa soka bila kuwaficha, hata mwenyekiti wa klabu yake akachoka. Oktoba 1973 Clough akaandika barua ya kujiuzulu, na Taylor akajiuzulu pamoja naye. Nadhani Clough alitarajia kubembelezwa. Wakurugenzi wakaipokea barua. Mashabiki waliandamana mitaani, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

SIKU 44 BILA MWENZAKE

Wote wawili wakaenda Brighton, klabu ya Daraja la Tatu. Mwaka wa 1974 Leeds United, mabingwa wapya wa Uingereza, wakamwita Clough. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi alikuwa ameitukana Leeds hadharani kuwa timu ya rafu na hila. Ajabu ya pili, na ndiyo kubwa, ni kwamba Taylor alikataa kwenda. Akabaki Brighton.

Clough akaenda peke yake. Katika siku zake za mwanzo aliwaambia wale mabingwa wazitupe medali zao pipani kwa sababu hawakuzipata kwa haki. Nawauliza, nani angemsikiliza baada ya hapo? Katika mechi sita za ligi alishinda moja tu. Wachezaji walimkasirikia, wakurugenzi wakaogopa, na baada ya siku 44 akaonyeshwa mlango.

Watu wengi husimulia siku hizo 44 kama kisa cha kuchekesha. Mimi nilizisoma kwa namna nyingine. Mtu huyu alikuwa na kipaji kile kile, ulimi ule ule, na sasa alikuwa na wachezaji bora kuliko aliowahi kuwa nao. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumshika mkono na kumwambia, "Ndugu yangu, hilo usiliseme." Jifya moja.

NOTTINGHAM FOREST: MUUJIZA

Januari 1975 Clough akachukua Nottingham Forest, timu iliyokuwa ya 13 katika Daraja la Pili. Mwaka mmoja na nusu wa kwanza akiwa peke yake, timu ilijikokota. Julai 1976 Taylor akaja. Sasa tazameni miaka, msomaji, nami sitaongeza chumvi:

1977: Forest inapanda Daraja la Kwanza, ikiwa ya tatu.
1978: Forest inakuwa bingwa wa Uingereza na kutwaa Kombe la Ligi.
1979: Forest inakuwa bingwa wa Ulaya, na kutwaa Kombe la Ligi tena.
1980: Forest inakuwa bingwa wa Ulaya kwa mara ya pili mfululizo.

Kutoka kupanda daraja hadi kombe la Ulaya ni miaka miwili! Hadi leo Forest imeshinda kombe kubwa la Ulaya mara nyingi kuliko ilivyoshinda ligi ya nchi yake, mbili kwa moja, na hakuna klabu nyingine yenye ajabu hiyo.

Walifanyaje? Kwanza, jicho la Taylor. Alimtaka Kenny Burns, mshambuliaji aliyejulikana kwa ukorofi. Kabla ya kumnunua, Taylor alimfuata kisiri hadi kwenye mashindano ya mbio za mbwa ili aone kama kweli ana tabia mbaya kama wasemavyo watu. Akaridhika. Wakamnunua, wakamgeuza mlinzi, na mwaka wa 1978 Burns akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka. Pili, waliamini kwamba nyumba hujengwa kutoka msingi, wakamnunua kipa Peter Shilton, maana kipa mzuri huokoa pointi kama mfungaji anavyozileta. Tatu, wachezaji wa Clough walikatazwa kubishana na refa, na waliambiwa waucheze mpira chini, nyasini. Nne, hawakuchoshwa kwa mazoezi. Mara nyingi waliambiwa wapumzike, watembee, wacheke.

Kisha kuna John Robertson. Walimkuta pale Forest, winga mnene kidogo, mzito wa miguu, mvutaji wa sigara. Taylor alimkaripia vikali kuhusu uvivu wake, naye Clough akamwamini. Mei 1979 mjini Munich, katika fainali dhidi ya Malmö ya Sweden, Robertson alipita ubavuni mwa kushoto, akamega krosi, na Trevor Francis akauweka mpira wavuni kwa kichwa. 1-0. Francis alikuwa mchezaji wa kwanza wa Uingereza kununuliwa kwa pauni milioni moja, na hiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza ya mashindano ya Ulaya. Mwaka uliofuata mjini Madrid, dhidi ya Hamburg ya Ujerumani, Robertson mwenyewe ndiye aliyecheka na nyavu. 1-0 tena.

Na nahodha aliyeinua kombe mara zote mbili alikuwa nani? Yule kijana mwembamba wa Hartlepools, John McGovern. Clough alikuwa amekwenda naye Derby, Leeds na Forest.

CHUNGU KINAPINDUKA

Ningependa makala yangu yaishie hapo, kombe likiwa hewani. Lakini hii si hekaya.

Mwaka wa 1980 Taylor alitoa kitabu kuhusu maisha yao wawili, na Clough alichukizwa kwa sababu hakuambiwa mapema. Ufa ukaanza. Mwaka wa 1982 Taylor akastaafu akisema amechoka, lakini miezi michache baadaye akarudi kazini kuwa meneja wa Derby, klabu yao ya zamani. Kisha mwaka wa 1983, Clough akiwa safarini kwa miguu kuchangisha pesa za hisani, Taylor akamsajili Robertson kutoka Forest bila kumwambia mwenzake.

Clough akakasirika. Akamsema Taylor vibaya magazetini. Akaapa kutozungumza naye tena, na kwa bahati mbaya akatimiza. Nottingham na Derby ni miji jirani, msomaji. Ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Miaka saba ikapita, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze.

Oktoba 1990 Taylor alifariki dunia huko Majorca, kisiwa kile kile alikowapeleka wachezaji wa Derby siku ile ya furaha. Clough alihudhuria mazishi. Miaka ya baadaye alikiri hadharani kwamba alimkosa sana rafiki yake na kwamba alijuta. Lakini maiti hapokei simu.

Je, bila Taylor alishindwa kabisa? La, tuwe wakweli. Alishinda Kombe la Ligi mwaka wa 1989 na 1990, na mwaka wa 1991 akafika fainali ya Kombe la FA, akafungwa na Tottenham 2-1. Lakini ubingwa wa ligi hakuupata tena, wala wa Ulaya. Mwaka wa 1989 aliwapiga makofi mashabiki walioingia uwanjani, akatozwa faini. Chupa nayo ilikuwa imeshamshika. Mwaka wa 1993, katika msimu wa kwanza wa Ligi Kuu, Forest ikamaliza ya mwisho ikateremshwa daraja, na Clough akastaafu baada ya miaka 18. Mwaka wa 2003 alibadilishwa ini. Tarehe 20 Septemba 2004 akaaga dunia akiwa na miaka 69, chini ya mwezi mmoja baada ya Arsenal kuipita ile rekodi ya mechi 42.

Barabara iendayo kutoka Nottingham hadi Derby sasa inaitwa kwa jina lake. Na nje ya uwanja wa Derby imesimamishwa sanamu tangu 2010. Haina mtu mmoja. Ina watu wawili, Clough na Taylor, pamoja na kombe. Wachongaji waliwapatanisha kwa shaba.

MAFUNZO TUNAYOPATA

Kwanza, kipawa hakina chumba kimoja. Clough aliyepoteza goti alimpata Clough mwalimu. Tusione kwamba mlango mmoja ukifungwa nyumba yote imefungwa.

Pili, anayejua kuona na anayejua kusema wanahitajiana. Katika klabu, darasani, hata katika chama chetu hiki, yupo anayepigiwa makofi na yupo anayebeba ndoo. Wote ni mafiga ya jiko moja.

Tatu, hasira ni hasara. Mtu aliyewashinda mabingwa wa Ulaya alishindwa kunyanyua simu.

Fundisho hili la tatu ndilo lililonichoma. Nina rafiki ambaye hatukuwa tumesalimiana tangu muhula wa kwanza kwa sababu ya jozi ya njumu. Aliniazima, moja ikapasuka, akasema nimeiharibu makusudi, nami nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Yeye ni kipa. Yeye ndiye aliyemwambia mwalimu wa michezo, tukiwa Kidato cha Kwanza, kwamba mimi ninaweza kucheza mbele. Nilikuwa nimelisahau hilo hadi niliposoma habari za Taylor.

Basi kabla ya kuyapeleka makala haya kwa mlezi wa chama, nilimpa ayasome. Aliyarudisha siku ya pili. Alikuwa amesahihisha kwa penseli mahali pawili, na kule nilikoandika "magoli" akaandika "mabao". Kuhusu njumu hakusema lolote, nami sikuuliza. Lakini jioni ile nilipoingia bwaloni na sahani yangu, kando yake palikuwa na nafasi, na kitabu chake kimewekwa juu ya benchi ili mtu mwingine asikae.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Eleza tofauti kati ya meneja, kocha na mkufunzi kama maneno haya yanavyotumiwa katika makala.
2. Kwa nini, kwa maoni yako, Clough alishindwa Leeds? Toa hoja mbili zisizotajwa na mwandishi.
3. Jiko la mawe lina mafya matatu. Ikiwa Clough ni la kwanza na Taylor ni la pili, la tatu ni nani?
4. Taja methali mbili nyingine zinazofaa kuwa kichwa cha makala haya, na uzitetee.
5. Je, kuna mtu humu shuleni ambaye hujamsalimia tangu muhula uliopita? (Swali hili halina alama.)